Kilicho Nyuma ya Mtu

Julai 1963, mjini Essen, Ujerumani, tajiri mmoja alipanda jukwaa lililojengwa ndani ya kiwanda chake mwenyewe, akaketi. Nyuma yake, kwa chini, karakana ilikuwa imenyooka hadi mbali, imejaa vyuma na vichwa vya treni vinavyoundwa. Mpiga picha aliuweka mwanga utokee pande mbili za uso badala ya mbele, kisha akamwomba ainame kidogo kuelekea kamera. Tajiri akainama. Akafumbata vidole chini ya kidevu na kutazama lenzi moja kwa moja. Mpiga picha alisimulia baadaye kwamba pale pale nywele zilimsimama.

Tajiri huyo ni Alfried Krupp. Kampuni ya familia yake ndiyo iliyomtengenezea Hitler mizinga, na wakati wa vita viwanda vyake vilitumia makumi ya maelfu ya watu waliolazimishwa kufanya kazi, wakiwemo wafungwa wa kambi za mateso. Mwaka 1948 mahakama ya Wamarekani kule Nuremberg ilimhukumu miaka 12 jela na kunyang'anywa mali. Mwaka 1951 alikuwa nje, mali amerudishiwa. Si unajua vile mambo huenda. Kufikia 1963 alikuwa mfanyabiashara wa heshima tena, na jarida la Newsweek likataka picha yake. Likamtuma Arnold Newman, Mmarekani, Myahudi.

Newman alikataa mwanzoni. Maedita wakamsisitizia, akaenda. Picha aliyorudi nayo, ukiitafuta leo kwenye simu utaipata kwa sekunde mbili, na nakuomba uitafute kabla ya kuendelea kusoma. Macho yamezama kwenye kivuli. Mashavu yanang'aa kwa pembeni, katikati ya uso ni giza. Ngozi ina rangi ya kijani, kama kitu kilichokaa majini. Na kiwanda chote kiko pale nyuma, safi, kinaonekana hadi mwisho. Hakuna pembe alizochorewa, hakuna mkia. Ni mtu ameketi kazini kwake. Newman alikiri miaka ya baadaye kwamba, kama Myahudi, alikuwa amelipiza kisasi chake kidogo.

Nimekaa na hiyo picha muda mrefu kwa sababu ya kazi ninayofanya. Mimi huandika habari za watu: fundi, mama wa kibanda, msanii ambaye bado hajatoka. Siku hizi mwandishi wa kujitegemea hatumwi na mpiga picha, anaambiwa tu "leta na picha pia." Kwa hivyo nimejifunza kupiga picha kwa kutazama za wengine, na swali moja limekuwa likinisumbua. Watu hutuambia kwamba picha nzuri ya mtu ni ile inayomwonyesha mahali pake, kazini au nyumbani, badala ya mbele ya ukuta mtupu. Sawa. Lakini mahali pale panamsaidia nani? Krupp alipigwa picha mahali pake, na mahali pake pakamshtaki.

Newman ndiye ambaye historia imempa sifa ya kuanzisha aina hii ya picha. Alizaliwa New York mwaka 1918. Alisomea sanaa katika University of Miami, na baada ya miaka miwili hivi pesa zikakata, akaacha. (Sisi tulioachia chuo njiani hukusanya majina kama haya vile watu wengine hukusanya stempu. Nivumilie.) Mwaka 1938 akaenda Philadelphia kufanya kazi kwenye studio ya picha za bei ya chini, senti 49 kila moja. Kiti kile kile, taa zile zile, mteja anayefuata. Ukipiga watu makumi kwa siku namna hiyo, unajifunza kuongea na mgeni hadi mabega yake yashuke. Unajifunza pia kuuchukia ule ukuta.

Basi akaanza kutoka. Alipiga wachoraji wakiwa kwenye vyumba vyao vya kazi, katikati ya turubai na makopo ya rangi, na mwaka 1946 akatumwa na jarida la Harper's Bazaar kumpiga picha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky. Hiyo ndiyo picha yake inayojulikana kuliko zote, na ndiyo ninayoona ina funzo kubwa zaidi kwa mtu anayetaka kujua kupanga vitu ndani ya fremu.

Stravinsky yuko chini kabisa, kwenye kona ya kushoto. Kichwa amekiegemeza mkononi. Amechukua sehemu ndogo sana ya picha. Sehemu iliyobaki imetawaliwa na kifuniko cha piano kubwa, kimefunguliwa, cheusi tii, kimesimama mbele ya ukuta mweupe. Ukikitazama vizuri kinafanana na ile alama ya muziki inayoshusha noti kwa nusu, ile kama herufi b. Yaani mtu amewekwa kando, na umbo la kazi yake likapewa uwanja. Ukimtoa yule mzee, picha bado inasimama. Ukikitoa kile kifuniko, unabaki na mzee aliyechoka.

Sasa sikia kuhusu kuhariri, maana hapa watu hudanganyana sana. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria kulainisha ngozi na kuongeza rangi ya machungwa kwenye anga. Newman alihariri picha ya Stravinsky kwa makasi, tuseme hivyo. Alitumia kamera kubwa ya filamu za inchi 4 kwa 5, na filamu nzima inaonyesha chumba zaidi, ukuta zaidi, piano zaidi. Ni picha ya kawaida ya mtu na piano. Alipoichapisha akakata juu, akakata chini, akakata pembeni, hadi akabaki na ukanda mrefu wa kulala. Nguvu ya picha ilitoka kwenye vipande alivyotupa. Na jarida lililomtuma, unajua lilisemaje? Liliikataa.

Lakini kuna jambo lingine ambalo hao wanaofundisha "mpige mtu katika mazingira yake" huwa hawalitaji. Stravinsky wakati huo alikuwa akiishi Hollywood, upande wa pili wa Marekani. Picha ilipigwa New York, kwenye nyumba ya mtu mwingine. Ile piano haikuwa yake. Picha maarufu kuliko zote za mtu mahali pake imepigwa mahali pa wenyewe, kwa piano ya kuazima. Na lile jukwaa la Krupp? Halikuwa ofisi yake. Lilijengwa kwa ajili ya picha. Newman mwenyewe hakulipenda jina hilo la picha za mazingira, na nadhani alikuwa na sababu. Alijua kwamba mazingira hayakukaa tu pale yakimsubiri. Yeye ndiye aliyeyapanga yaseme jambo aliloamua kulisema.

Kuna waliofanya hivi kabla yake bila kulipa jina lolote. Mjerumani August Sander alitoa mwaka 1929 kitabu chenye picha 60 za watu wa nchi yake, wakulima, wanafunzi, mafundi, mabwana wakubwa. Mpishi wake wa keki, aliyempiga mwaka 1928, amesimama jikoni na koti jeupe, tumbo mbele, bakuli na mwiko mkononi, anakutazama kama mtu aliyekatizwa kidogo tu na atarudi kazini ukiondoka. Jiko ni la kweli. Sander hakuandika jina la mpishi, aliandika kazi yake. Mwaka 1936 Wanazi waliharibu vyombo vya kuchapishia kitabu kile, kwa sababu sura zile hazikufanana na Ujerumani waliyokuwa wakiitangaza.

Hilo la kuacha jina na kuandika kazi, au kabila, ndilo linaloturudisha kwetu. Huku pwani na bara, picha za kwanza nyingi zilizosambaa duniani zilikuwa kadi za posta. Mwanamke wa Zanzibar au wa Mombasa, amesimama mbele ya mlango wa kuchongwa au kando ya mnazi, na chini kumechapishwa neno moja au mawili kwa lugha ya mgeni: mwanamke Mswahili. Mpagazi. Mmasai. Hakuna jina. Ukipenda kusema hizo ni picha za watu katika mazingira yao, hutakuwa umekosea. Nyumba ni yao, mnazi ni wao. Ila mazingira yametumika kama kibandiko kwenye chupa. Mtu amekuwa kielelezo cha mahali, badala ya mahali kumweleza mtu.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini Waafrika walipoanza kulipia picha zao wenyewe, kitu cha kwanza walichotaka kilikuwa pazia. Seydou Keïta alifungua studio Bamako mwaka 1948, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake, lenye mauamaua na nyuzi pembeni. Watu walikuja na nguo zao bora. Wasiokuwa na saa waliazimwa saa. Redio ilikuwepo, kalamu ya kuweka mfukoni ilikuwepo. Keïta alipiga sana kwa mwanga wa jua nje, uani, na kwa kawaida mara moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Mapazia aliyabadilisha kila baada ya miaka kadhaa, hata baadaye aliweza kukisia mwaka wa picha kwa kutazama kitambaa kilicho nyuma. Hebu fikiria: shuka la kitanda ndilo likawa kalenda ya mji.

Hapa Kenya tulikuwa na yetu. Waliovuka feri ya Likoni miaka ya 1990 wanavikumbuka vile vibanda vya wapiga picha, mapazia yamechorwa meli na majumba, maua ya plastiki kila kona. Mtu ametoka bara kutafuta kazi Mombasa, analala chumba kimoja na watu wanne, lakini picha atakayotuma nyumbani ina meli. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akiunganisha picha mbili tatu kuwa moja kwa mikono, ndani ya chumba cha giza, miaka mingi kabla ya kompyuta kufika kisiwani. Mtu akicheka mapazia hayo, akiyaita ya uongo, namkumbusha piano ya Stravinsky. Tofauti ni kwamba Likoni aliyechagua uongo ni mwenye sura.

Nimeona nikae kidogo na mpiga picha mmoja zaidi, kwa sababu ndiye anayenionyesha njia ya kutoka. Gordon Parks alizaliwa Kansas mwaka 1912, mtoto wa mwisho kati ya 15. Hakumaliza sekondari. Alicheza piano vilabuni, alihudumu kwenye treni, na kamera yake ya kwanza aliinunua kwenye duka la vitu vilivyowekwa rehani. Mwaka 1942 alifika Washington kufanya kazi na kitengo cha picha cha serikali kilichoongozwa na Roy Stryker. Siku za mwanzo tu mji ukamfundisha adabu yake: duka hili halimhudumii mtu mweusi, hoteli ile haimruhusu kuketi. Akarudi ofisini amejaa hasira, anataka kuipiga picha hasira yenyewe. Stryker akamwambia aende aongee na mama mmoja anayefanya usafi katika jengo lile lile.

Mama huyo ni Ella Watson. Waliongea kwanza. Kisha Parks akamsimamisha mbele ya bendera kubwa ya Marekani iliyoning'inizwa ukutani, ufagio mkono mmoja, mopu ya kupigia deki upande wa pili. Mpangilio wake umeigiza mchoro maarufu wa Grant Wood wa mwaka 1930, ule wa mkulima na uma wa nyasi, na hata jina akaliazima, American Gothic. Parks alisimulia kwamba Stryker alipoiona alisema wazo ni zuri lakini litawafukuzisha kazi wote.

Angalia vile fremu imejengwa. Ufagio umesimama wima, mopu imesimama wima, mistari ya bendera inashuka wima, na yeye mwembamba katikati, wima vilevile. Kila kitu kinaelekea chini isipokuwa macho yake, ambayo hayakuangalii wewe, yanapita kando. Halafu angalia bendera. Ina ukungu. Parks aliiachia ifififie, lakini si hadi ipotee, kwa hivyo unaitambua bila kuisoma, na jicho linarudi kwa mama. Nalitaja hili kwa sababu kuna wale wanaosema ukungu nyuma ya picha ni dhambi. La. Ukungu ni suala la kiasi. Ukungu wa Parks unakuambia kuna kitu nyuma, na ni kizito. Ukungu wa simu zetu, ukiubonyeza hadi mwisho, unakuambia hakuna kitu. Isitoshe simu inakisia kichwa chako kinaishia wapi, na kwa mtu mwenye afro huwa inakula nywele. Umewahi kuona.

Kama Parks angeishia hapo, ningesema amemtumia Ella Watson kama kibao cha maandamano. Amepata bendera yake, amepata hasira yake, mama ameshika ufagio. Lakini aliendelea kumpiga picha kwa wiki kadhaa. Alienda naye nyumbani, akaenda kanisani kwake. Maelezo ya picha hizo, yaliyohifadhiwa hadi leo, yanasema alilisha familia ya watu sita kwa mshahara wa dola 1,080 kwa mwaka. Kuna moja ambayo mimi naipenda kuliko ile ya bendera. Mlango umeigawa fremu mara mbili. Upande mmoja, ndani, mama ameketi na wajukuu. Upande wa pili, huku mbele, ameketi msichana aliyemlea kama bintiye, na juu ya kabati kuna picha ya kizamani, imewekwa fremu, ya mwanamume na mwanamke waliovalia vizuri. Hakuna ufagio mahali popote. Hapo ndipo mahali pake. Jengo la serikali lilikuwa ni mahali pa kazi yake tu, na Parks alihitaji wiki kadhaa kuujua huo utofauti.

Sasa turudi mtaani, mchana, jua kali.

Nairobi iko karibu sana na Ikweta, na kati ya saa tano na saa tisa jua linakaa juu ya utosi. Kila mtu unayempiga nje wakati huo anapata macho ya Krupp, mashimo mawili meusi, na hana hatia yoyote. Picha nyingi za mitaa yetu kwenye magazeti zimepigwa saa hizo, kwa sababu ndizo saa za kazi, na nadhani hapo ndipo sura nyingi ngumu za mitaa hiyo zinatoka. Si ugumu wa watu. Ni saa saba mchana. Dawa ni rahisi, haina gharama: mwingize mtu chini ya upenu wa mabati, hatua moja ndani ya kivuli, akitazama nje. Mwanga wa barabara utapiga chini na kuruka hadi usoni. Vibanda vyetu karibu vyote vina mwanga huo, ule ambao watu wa studio hulipia pesa. Na duka lake lote linabaki nyuma, lina giza kidogo, linaonekana.

Kuhusu ngozi nyeusi, tusijilaumu sana, historia ilianza vibaya. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilikuwa ikipelekea maabara za kuosha picha kadi ya kupimia rangi, yenye mwanamke mweupe. Mafundi walimwita Shirley. Akionekana sawa, picha zote zimekuwa sawa. Sisi wengine tulitoka meno na macho. Waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha filamu zionyeshe rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani pichani. Mbao zilisikizwa kabla ya watu. Simu za leo ni bora zaidi, lakini nyingi bado zikiona uso mweusi mbele ya anga jeupe huamua kuliokoa anga. Gusa uso kwenye kioo, uiambie simu nani ni muhimu. Anga likiungua, liungue.

Kwenye kuhariri, mimi nimebaki na mazoea machache. Naanza kwa kukata, kabla ya kugusa rangi, na kila ukingo naukata nikijiuliza kilichoondoka kilikuwa cha nani. Ndoo ya bluu inayovuta jicho kwenye kona, iende. Mkono wa mteja aliyepita, uende. Lakini bei zilizoandikwa kwa chaki kwenye ubao, hizo ni maneno ya mwenyewe, na kuzikata ni kama kumkatiza akiongea. Rangi naiacha karibu na ilivyokuwa. Kile kijani cha Krupp kilitokana na taa za kiwandani na filamu isiyoelewana nazo, na Newman hakukiondoa. Aliyekaa chini ya taa ya kijani kwa sababu ndiyo taa ya duka lake hastahili kijani hicho. Mrekebishie. Ngozi usiilainishe. Mtu aliyefanya kazi juani miaka 30 amelipia hiyo mikunjo.

Kuna maedita wanaotaka picha ya mtaa iwe na mtaro wa maji machafu, na kuna wanaotaka ukungu mtupu ili habari "ipendeze." Nimefanya kazi na wote wawili. Kwangu mimi hao ni ndugu. Mmoja anarudisha kadi ya posta, mwingine anafuta anwani.

Mwaka jana nilikuwa naandika habari ya fundi viatu mmoja mahali fulani Eastlands, mzee wa miaka sitini na kitu. Nilikuwa nimeshachagua sehemu: mlangoni, chini ya mabati, mashine ya kushonea mbele yake, viatu vimening'inia nyuma kama matunda. Nikamwita, "Mzee, kuja ukae hapa." Akatazama, akakataa kwa upole. Akasema pale ndipo viatu vya wateja wasiolipa huwekwa. Hakutaka kupigwa picha na madeni.

Nikamuuliza angependa wapi. Akavuta kiti hadi ukuta wa ndani, chini ya kalenda ya duka la dawa. Mwanga ulikuwa mdogo, ukuta una madoa, na ile mashine haikuonekana kabisa. Nikamwomba afungue dirisha la pembeni. Likaingiza ukanda wa mwanga uliomfikia shavuni na kugusa kalenda kidogo. Nilipoinama kupiga, ndipo nikaona kila mraba wa tarehe umeandikwa kwa penseli: majina, namba za viatu, siku ya kuchukua. Miezi yote. Alikuwa amezihifadhi hata kurasa za mwaka uliopita, zimebanwa nyuma kwa msumari huo huo.

Picha ilipotumwa, niliulizwa kama hakuna nyingine inayomwonyesha akishona.